Sura ya Tisa: Mkanda Mweupe

Inspekta Sybren Wiarda alichomeka ncha ya kisu kwenye kona ya chini ya picha, akabandua kipande kisichozidi ukucha wa mtoto.

"Taratibu!" Casper Hulshof alifoka nyuma yake. "Hiyo si jibini."

"Ingekuwa jibini ningekwisha kuila, Bwana Hulshof. Tangu alfajiri sijatia kitu tumboni."

Alikiweka kipande juu ya karatasi nyeupe, akasogea nacho dirishani, akainama na lenzi. Rangi ya juu ilikwisha kushika ngozi. Ndani ilikuwa bado laini na ilinuka mafuta ya kitani. Imepakwa siku tisa zilizopita, au kumi, si zaidi. Na ndani ya rangi, si juu yake, zilimetameta punje za mchanga. Alihesabu kumi na moja.

"Umeridhika?" Hulshof aliuliza. Alikuwa mtu mrefu wa miaka hamsini na mitano, ndevu zimepunguzwa vizuri, kucha zimeingia rangi isiyotoka. "Mchanga huo uliletwa na upepo nikiwa kazini. Wachoraji wa mjini hukaa karibu na jiko wakachora dhoruba. Mimi nasimama nje. Miaka ishirini sasa. Nisichokiona sikichori, Inspekta, na nikionacho sikibadilishi."

"Hata rangi?"

"Hasa rangi."

Wiarda aliandika maneno hayo kama yalivyotamkwa.

Picha ilikuwa na upana wa mikono miwili. Theluthi mbili zilikuwa mbingu. Chini yake bahari ya kijivu, mistari mitatu ya povu, mchanga uliolowa, na upande wa kulia mashua moja bapa imelala ufukweni kama ng'ombe aliyechoka. Ubavuni iliandikwa namba yake, KW 47. Chini ya ukingo wake ulipita mkanda mweupe, safi, uliong'ara kuliko kitu kingine chochote pichani. Nyuma ya turubai, kwa mkono wa Hulshof: *Jumanne, 3 Juni 1884, saa moja asubuhi, upepo wa magharibi.*

Kuwepo kwa mashua hiyo ufukweni saa hiyo ndiko kulikomweka Huig Haasnoot mahabusu. Jumanne hiyo, saa moja na nusu asubuhi, Teunis Zwaan, mwenye mashua, alikutwa mlangoni mwa ghala lake la nyavu, kichwa kimepasuliwa kwa nyundo ya mapipa. Mwokaji mikate alimwona hai saa kumi na mbili. Huig, nahodha wa KW 47, alisema saa kumi na moja alfajiri alikwisha kuondoka ufukweni na wenzake, na saa hiyo ya kifo walikuwa maili mbili baharini. Wanawake kadhaa wa kijiji cha Katwijk walisema hivyo hivyo. Mwendesha mashtaka aliyafunga maelezo yao kwa uzi mmoja na kuandika juu yake: *Kijiji kizima ni Haasnoot, au kimeoa kwa Haasnoot.* Mashua nyingine zote zilikuwa mbali zikivua samaki wa heringi. Hulshof hakuwa ndugu wa mtu. Alikuwa na medali mbili, na alikuwa na picha.

Barua ya mwendesha mashtaka ilikuwa mfukoni mwa Wiarda. Shahidi athibitishwe leo. Saa sita mchana mfungwa apelekwe mjini Leiden. Kule kulikuwa na jaji aliyekwisha kuisoma kesi, na baada ya jaji, seli ya mtu mmoja hadi kufa.

"Mwanamke anayekutumikia," Wiarda alisema, "huwa nawe asubuhi?"

"Klaasje? Hunibebea kiti." Hulshof aliigeuza picha ikatazama ukuta. "Ni mtu wa Zeeland, si wa hapa. Hasemi, na ndiyo sababu nimekaa naye."

Ukuta mzima ulikuwa umepigiliwa vibao vidogo vya majaribio, mamia, kila kimoja kipande cha bahari: wimbi, povu, wingu, ubavu wa mashua. Wiarda alipita mbele yake akisoma tarehe zilizoandikwa pembeni. Alifika mwisho wa ukuta, akarudi mwanzo, akasoma tena. Alichukua kofia yake.

*

Ufukweni upepo ulikuwa unapiga kutoka kaskazini, na askari wa kijiji, Krijn Ouwehand, alitembea kinyumenyume ili usimpige usoni.

"Afande, pale ndipo ilipo. Lakiri haijaguswa. Nilipiga muhuri kwa mkono wangu siku Huig alipokamatwa."

KW 47 ililala ubavu juu ya mchanga mkavu, kamba ya lakiri imezungushwa mlingotini. Wiarda aliizunguka mara moja. Alisimama. Akaizunguka tena.

"Krijn. Huu mkanda."

"Ndiyo, afande."

"Ni wa bluu."

"Ndiyo, afande," Krijn alisema, kama mtu aliyeambiwa kuwa maji yamelowa.

Karibu na hapo mwanamke mmoja alikuwa amekaa juu ya pipa lililopinduliwa, wavu umemfunika miguu, sindano ya mbao inaingia na kutoka bila yeye kuitazama. Alicheka.

"Mwache bwana wa watu, Krijn. Ni mtu wa bara. Kwao mashua ni kitu cha kupelekea maziwa sokoni."

"Na wewe ni nani, mama?"

"Maartje van der Plas. Na kabla hujauliza, marehemu mume wangu mama yake alikuwa Haasnoot, kwa hiyo nikisema jua limechomoza, bwana mkubwa wenu wa Leiden ataandika kuwa ni usiku."

"Niambie tu kuhusu bluu."

Sindano ilisimama. "Mashua ina msiba. Nahodha akifa, pale penye nyeupe panapakwa bluu, na inakaa bluu mwaka mzima. Mzee Pieter, baba yao kina Huig, tumemzika mwishoni mwa Aprili. Kamba ya tanga ilikatika, boriti ikamkuta kifuani. Kamba imeoza. Zwaan alikuwa ameambiwa, na ameambiwa tena, na akasema inafaa mwaka mmoja zaidi." Alitema mate pembeni. "Huig alimwambia makaburini, mbele ya mchungaji: kamba zako zilizooza zimemla baba yangu. Hilo mnalijua, mmeliandika."

"Tumeliandika. Mkanda ulipakwa lini?"

"Jumamosi baada ya maziko. Nilishika kopo mwenyewe."

"Huenda ulipakwa baada ya Jumanne ile ya mauaji. Huenda usiku wa kuamkia leo."

"Na Krijn na lakiri yake? Kaukwangue uone. Rangi ya wiki moja inavutika kama lami. Hii imeanza kupasuka kwa chumvi." Aliuvuta wavu kwa hasira. "Na hata kama nyie hamtuamini: hakuna mtoto wa Katwijk atakayemwacha baba yake kaburini wiki tano na mashua imevaa nyeupe kama bibi harusi. Angepigwa mawe."

Wiarda alipiga goti, akakwangua. Rangi ilitoka ngumu, ikavunjika kama ganda la yai. Chini yake palikuwa na nyeupe. Alikitia kipande ndani ya bahasha, akaandika saa.

Kisha alichota mchanga kidogo alipokuwa amepiga goti, akaumimina kwenye karatasi, akatoa lenzi. Mchanga ulikuwa umejaa vipande vya makombe ya chaza, vyeupe na vya waridi, vikali kama meno ya panya. Alifungua karatasi ya pili, ile ya kutoka studio. Punje kumi na moja. Zote za mviringo, za manjano. Hakuna kombe hata moja.

"Krijn, mchanga usio na makombe unapatikana wapi hapa?"

"Vilimani, afande. Kule nyuma, ambako maji hayafiki. Upepo hubeba mchanga na kuacha makombe."

"Bwana Hulshof huchorea wapi?"

Krijn alimtazama Maartje. Maartje aliinua mabega.

"Kila alfajiri tunamwona anapita na sanduku mgongoni," alisema, "na yule mwanamke wake nyuma na kiti. Wanapotelea vilimani. Mimi siku zote nilidhani anakwenda ufukwe wa kaskazini, asichanganyike na sisi tunaonuka samaki."

"Umewahi kumwona majini? Mchangani hapa?"

Alifikiri. "Zamani, sana. Alikuwa haondoki. Tulikuwa tunamruka kama nanga." Sindano iliingia wavuni tena. "Sasa ni miaka."

"Minne?" Wiarda aliuliza.

"Minne. Nani kakwambia?"

"Ukuta wake."

*

Hulshof alikuwa anasafisha brashi kwa tapentaini walipoingia. Wiarda hakuketi.

"Mkanda wa mashua ni wa bluu, Bwana Hulshof. Ni wa bluu tangu mwanzo wa Mei."

Brashi iliendelea kuzunguka ndani ya kopo. Ilizunguka mara tatu, nne.

"Bila shaka ni wa bluu," Hulshof alisema. "Lakini bluu ile, katika asubuhi ya kijivu, inaua picha. Jicho linahitaji mahali pa kutua. Nikaweka nyeupe. Mchoraji ana ruhusa hiyo."

Wiarda alifungua daftari. "'Nikionacho sikibadilishi.' Nikakuuliza, hata rangi? 'Hasa rangi.' Ni maneno ya leo asubuhi. Nayafuta?"

"Yafute ukitaka."

"Naweza kuyafuta. Nikiyafuta, una ruhusa ya kubadili rangi. Jaji atakuuliza: na ruhusa ya kuweka mashua ambayo haipo, unayo?"

Hulshof aliweka brashi chini. "Unaniita mwongo ndani ya nyumba yangu?"

"Nakuomba kitu kimoja tu. Chukua sanduku lako. Nipeleke pale uliposimama Jumanne ile. Dakika kumi, halafu natia sahihi na Huig Haasnoot anakwenda zake Leiden."

Mchoraji alitazama dirisha. Kisha alivaa koti, akalibeba sanduku mgongoni kama kila siku, akatoka mbele yao. Mlangoni Klaasje, mwanamke mfupi wa miaka sitini mwenye mikono mikubwa, alichukua kiti bila kuambiwa.

Walikwenda kwa mstari, wanne, kupitia nyasi kali za vilima vya mchanga. Baada ya dakika sita Hulshof alisimama ndani ya bonde dogo lililozungukwa na vilima pande zote. Chini kulikuwa na mashimo matatu ya miguu ya stendi ya kuchorea, yamechimbika kwa kutumiwa miaka mingi. Matambara yenye rangi yalikuwa yamezikwa nusu.

"Hapa huwa napumzika," Hulshof alisema.

"Mashimo haya ni marefu kwa mtu anayepumzika." Wiarda alichota mchanga, hakuhitaji lenzi. "Kutoka hapa unaona nini, Bwana Hulshof?"

"Nyasi."

"Basi twende unapoonea bahari. Ni hatua ishirini tu mpaka juu."

Hulshof alianza kupanda. Alipanda hatua tano vizuri. Mlio wa mawimbi ulikuwa unakuja juu ya kilima, mzito, wa kuporomoka na kuvutika. Hatua ya tisa alipunguza mwendo. Ya kumi na mbili alishika nyasi kwa mkono mmoja. Ya kumi na tatu alishika kwa mikono miwili, akaanguka kifudifudi, sanduku likampindukia mabegani na mirija ya rangi ikamwagika mteremkoni. Alibaki hivyo, uso mchangani, anapumua kama mbwa.

"Siwezi," alisema.

"Hatua saba, bwana."

"Nimesema siwezi! Mwondoe huyu mtu. Klaasje, mwondoe."

Klaasje alikwisha kupiga magoti. Alikuwa anaokota mirija mmoja mmoja, anaifuta kwa aproni, anairudisha sandukuni kwa mpangilio wake.

Wiarda alikaa mchangani kando ya mchoraji. Alitoa kalamu. "Vibao vyako vyote ukutani ni vya kabla ya Februari 1880. Baada ya hapo hakuna hata kimoja. Mtu aliyefanya mamia, akaacha siku moja. Februari ile kulitokea nini?"

Krijn alitazama pembeni, maana yeye alijua nusu ya jibu.

"Mashua ilipanda fungu la mchanga," Hulshof alisema, bado hajainua uso. "Mchana kweupe. Watu kumi na mmoja. Nilikuwa chini pale na stendi yangu. Kamba ya uokozi ilifika kwao, lakini huku mwisho wake ulishikwa na wanawake wanne na mzee mmoja, na inawavuta waingie majini. Mmoja akaniita. Bwana mchoraji, njoo utie mkono! Nikasema, nakuja, dakika moja."

"Kwa nini dakika moja?"

"Kulikuwa na mwanga. Ulipita chini ya wimbi, wa kijani, kabla halijavunjika. Sijawahi kuuona tena. Nilikuwa na rangi yenyewe kwenye brashi." Aligeuza kichwa. "Kamba iliwaponyoka. Picha ile ilipata medali Paris. Iko nyumbani kwa tajiri mmoja The Hague, na wageni wake wakisimama mbele yake wanatoa machozi. Wanasema, huyu mtu alikuwepo."

Wiarda aliandika. Kalamu yake haikusimama.

"Jumanne tarehe tatu hukuwa ufukweni."

"Sikuwa."

"Hukuona mashua."

"Sikuona kitu. Upande wa kulia ulikuwa mtupu, picha inaanguka. Nilihitaji uzito. Nikachukua kibao cha zamani, nikaihamisha mashua. Halafu jioni askari wanakuja: bwana, wewe ndiye huwa pale kila siku, uliona nini? Ningesema nini? Kwamba Hulshof wa bahari anaiogopa bahari?"

"Ulisikia kengele za maziko ya Mzee Pieter."

"Nilisikia."

"Na miaka ishirini unaishi hapa. Unajua bluu."

"Najua," alisema kwa sauti ndogo. "Sikufikiria. Nilikuwa nafikiria picha."

Krijn, ambaye tangu asubuhi alikuwa hasemi zaidi ya kujibu aliloulizwa, alimwinamia. "Siku tisa," alisema. "Siku tisa nampelekea mikate mtu unayemzika hai, kwa sababu picha yako inaanguka upande wa kulia? Bwana, nisingekuwa na hii sare…"

"Lakini unayo," Wiarda alisema. "Rudi nyuma." Alimgeukia Hulshof. "Swali la mwisho. Mistari mitatu ya povu, mawingu, kijivu kile. Mtabiri wa hali ya hewa wa Leiden ameniandikia kuwa ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile. Hukuwa pale. Nani alikuwa pale?"

Hulshof alifumba macho. Klaasje alifunga sanduku. Kisha aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa ubao mwembamba kama rula, akamkabidhi Inspekta.

Ubao ulikuwa umepakwa madoa thelathini ya rangi, kutoka nyeupe ya maziwa hadi kijani kilichokaribia kuwa cheusi, kila doa na namba yake. Kingo zilikuwa zimelainika kwa kushikwa. Chumvi ilikuwa imekauka ndani ya nyufa.

"Naunyanyua mbele ya maji," Klaasje alisema. Ilikuwa mara ya kwanza Wiarda kusikia sauti yake. "Naangalia lipi linafanana. Halafu narudi bondeni namwambia: chini kumi na tisa, katikati kumi na mbili, juu nne, povu mistari mitatu. Yeye anachora."

"Kila asubuhi?"

"Mvua, jua. Miaka minne."

"Na tarehe tatu?"

"Nilishuka saa kumi na moja. Kengele ya kanisa ilikuwa inalia. Mashua ya kina Haasnoot ilikuwa inaelea tayari, wanaivuta kwa kamba ya nanga kwenda kilindini."

Krijn aliinua ngumi juu kama mtu aliyeshinda mbio. "Si ndugu wa mtu!" alisema. "Afande, huyu ni wa Zeeland! Hana Haasnoot hata mmoja!"

"Mama," Wiarda alisema, "kwa nini umenyamaza siku tisa?"

"Nyumba yangu ilichukuliwa na maji, yeye akanipa chumba. Niliapa sitasema kuwa hashuki." Aliifuta mikono. "Na hakuna aliyeniuliza. Yeye huniuliza rangi ya maji. Nyie mmemwuliza yeye."

"Sasa nakuuliza mimi. Uko tayari kuapa mbele ya jaji kwamba mashua iliondoka saa kumi na moja, na Huig Haasnoot ndani yake?"

"Niko tayari. Alikuwa kwenye usukani. Alinivulia kofia, ndiye peke yake hapa anayenivulia kofia."

"Na wengine. Mmoja mmoja, kama ulivyowaona."

"Kwenye kamba alikuwepo mdogo wake, Arie. Na yule mzee Gerrit mwenye jicho moja."

Kalamu ilisimama. Katika maelezo ya mabaharia wa KW 47, kila mtu alikuwa ametaja majina manne.

"Na Leendert? Kaka yao mkubwa?"

Klaasje alifikiri kwa uaminifu, kama anayetafuta doa linalofanana kwenye ubao wake. "Watatu, bwana. Nimezoea kuhesabu. Watatu."

Krijn alikuwa bado anatabasamu. Ilimchukua muda, halafu tabasamu likamwondoka, akavua kofia akaishika mkononi.

*

Chumba cha mahabusu kilikuwa nyuma ya ofisi ya Krijn, kina kitanda cha mbao na dirisha la upana wa kitabu. Huig Haasnoot alisimama waliposukuma mlango. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mabega ya mvuta nyavu, na alikuwa amekwisha kuvaa koti, tayari kwa safari.

"Farasi wamefika?"

"Farasi wamerudishwa," Wiarda alisema. "Bwana Hulshof ameyafuta maelezo yake na kutia sahihi. Hakuwa ufukweni. Uko huru."

Huig hakusogea. Hakucheka, hakumshukuru Mungu, hakuuliza kama mama yake ameambiwa. Wiarda alikuwa ameachia watu wengi, na hakumkumbuka hata mmoja aliyebaki mbali na mlango namna hii.

"Ameyafuta tu?" Huig aliuliza. "Basi? Hakuna mwingine?"

"Kuna shahidi aliyewaona mkiondoka. Klaasje, mtumishi wake."

"Yule mama wa Zeeland." Huig alilamba midomo. "Aliona mashua. Kwa mbali."

"Kwa karibu. Ulimvulia kofia."

Huig aliketi kitandani polepole.

"Alituhesabu?"

Wiarda alifungua daftari, akaligeuza, ili mtu yule asome mwenyewe majina matatu na sahihi ya msalaba chini yake. Huig aliyasoma mpaka mwisho, akarudia.

"Leendert alisema anakuja," alisema. "Tukamsubiri hadi maji yakaanza kushuka. Tuliporudi jioni alikuwa mchangani anatungoja, nguo zimefuliwa, akaingia majini kutusaidia kushusha samaki. Hakuna aliyemwuliza kitu. Ana watoto wanne, Bwana Inspekta. Wa mwisho hajabatizwa."

"Kwa hiyo ulisema mlikuwa wanne."

"Nilisema mara moja. Nikaona mwendesha mashtaka haamini, sikurudia. Nikajua anahitaji mtu mmoja, na mimi sina mke wala mtoto." Aliinua macho. "Andika nilishuka. Andika niliruka majini nikaogelea kurudi nikamwua. Nitatia sahihi sasa hivi."

"Siwezi kuandika hivyo."

"Kwa nini huwezi? Yule bwana alichora mashua isiyokuwepo, mkaandika!"

Nje, Krijn alikuwa ameshika karatasi mpya ya kukamata mtu, wino haujakauka, jina halijajazwa. Mke wake alikuwa Haasnoot. Hakuingia.

"Nyumba ya Leendert ni ipi?" Wiarda aliuliza kupitia mlango.

Krijn alitazama viatu vyake vya mbao.

"Krijn."

"Ya tatu kutoka kanisani, afande. Yenye ngazi ya kijani."

Huig aliuegemeza mgongo ukutani. Mlango wa mahabusu ulikuwa wazi mbele yake, na barabara, na watu wachache waliokwisha kukusanyika kumpokea.

"Siku tisa nimelala humu," alisema, "nikimwomba Mungu yule mchoraji asije akasema kweli."